Salfeti au fosfeti? Namna ya kuzipambanua maabara, na kinachotokea zikikutana

Kabati za maabara za skuli zetu, Pemba na Unguja, hazikosi chupa ambazo lebo zake zimeliwa na unyevu. Ndani mna unga mweupe, na anayeshika funguo anakumbuka tu kuwa ni "salfeti, au fosfeti". Kwa macho hazitofautiki, na kuonja ni marufuku. Mwongozo huu ni wa kuzitenganisha kwa vitu ambavyo maabara ya kawaida inavyo, kisha kueleza nini hutokea ukiziweka pamoja, iwe ndani ya testi tyubu au ndani ya shamba. Mkulima asiye na haja na maabara aanzie sehemu ya "Kwa mkulima", na asiliache jaribio la glasi za maji ya kisima lililomo humo.

Kabla ya chupa yoyote, shika jambo moja. Salfeti haina haja kubwa na haidrojeni. Fosfeti inaitaka na haiiachi kirahisi. Takriban kila hatua hapa chini inatokana na hilo, na ndiyo maana utaona tone la asidi linarudi kila mara.

Zinatofautiana wapi

Kwa umbo ni ndugu. Kila moja ina atomi moja katikati na oksijeni nne zimeizunguka kwenye kona za piramidi ya nyuso nne. Ya salfeti katikati ni salfa, nayo ina chaji hasi mbili: SO₄²⁻. Ya fosfeti katikati ni fosforasi, na chaji hasi ni tatu: PO₄³⁻. Kwa hiyo chumvi ya sodiamu ya kwanza ni Na₂SO₄ na ya pili ni Na₃PO₄.

Tofauti yenyewe hujitokeza kwenye asidi zao. Asidi ya salfuriki, H₂SO₄, ni kali: majini huachia haidrojeni ya kwanza yote, na ya pili nayo huondoka kwa sehemu kubwa myeyusho ukiwa mwepesi. Asidi ya fosforiki, H₃PO₄, ina haidrojeni tatu lakini ni mkono wa birika. Ya kwanza huitoa kwa kiasi, ya pili kwa shida, ya tatu ni mpaka uibane kwa alkali kali. Vipimo vyake vya pKa (namba ikiwa kubwa, haidrojeni hubanduka kwa shida zaidi) ni karibu 2.1, 7.2 na 12.3. Ndiyo maana fosfeti ya sodiamu si moja bali tatu: NaH₂PO₄ ambayo ni asidi kidogo, Na₂HPO₄ ambayo ni alkali kidogo, na Na₃PO₄ ambayo myeyusho wake unafika pH ya 12 na unaunguza ngozi. Salfeti ya sodiamu ya kawaida, Na₂SO₄, imetulia karibu na 7.

Basi kama chupa ile ya unga mweupe ina chumvi ya sodiamu, karatasi ya litmasi inaweza kukupa fununu. Isikudanganye lakini. Shabu, mrututu na mbolea ya SA (salfeti ya amoniamu) zote ni salfeti na zote zinageuza litmasi kuwa nyekundu, kwa sababu ya alumini, shaba na amoniamu zilizomo, si kwa sababu ya salfeti. Litmasi ni fununu, hukumu inakuja baadaye.

Vitu vya kukusanya

Usingoje kemikali za kuagiza. Sampuli za salfeti zimejaa madukani na majumbani: mrututu (salfeti ya shaba), shabu (salfeti ya alumini na potasiamu), chumvi ya haluli (salfeti ya magnesiamu), jasi (salfeti ya kalsiamu) na mbolea ya SA. Maji ya bahari nayo ni sampuli nzuri na ya bure, kwani kila lita ina salfeti gramu 2.7 hivi.

Za fosfeti ni chache zaidi: mbolea ya DAP (fosfeti ya amoniamu), mbolea ya TSP (fosfeti ya kalsiamu inayoyeyuka majini), unga wa mawe ya fosfeti ya Minjingu, na mifupa. Mfupa ndio ninaoupendelea kwa darasa, na nitaueleza mahali pake.

Dawa za kupimia ni bariamu kloraidi, silva naitreti kama ipo, amonia molibdeti, asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, asidi ya naitriki, na myeyusho wa amonia. Ongeza karatasi za kuchujia, dropa, testi tyubu na kibanio. Pamba haifai kuchujia kazi hii, kwani mashapo (unga unaoganda na kutuama majini) ya bariamu salfeti ni laini mno, yatapita yote.

Maji ya kuyeyushia yawe yaliyokenekwa. Ukinunua "maji ya betri" dukani, soma chupa mara mbili, maana wapo wauzaji wanaotumia jina hilo hilo kwa asidi ya betri, na ile ni asidi ya salfuriki. Ikiingia kwenye kazi yako kila sampuli itaonekana ni salfeti, na hilo ndilo dogo. Kubwa ni macho na vidole vya mtoto. Maji ya kisima usiyatumie. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yana kalsiamu tele, na vilivyo karibu na pwani vina chumvi ya bahari, ikiwemo salfeti yenyewe.

Kwa usalama: bariamu kloraidi ni sumu ikimezwa, hivyo hakuna kula wala kunywa maabara na mikono huoshwa kwa sabuni. Ukizimua asidi, mimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Miwani ivaliwe.

Hatua ya 1: Bariamu

Yeyusha sampuli kiasi cha ncha ya kijiko katika mililita 5 za maji. Ikibaki na unga usioyeyuka, chuja. Gawa katika testi tyubu mbili, na ya tatu iwe na maji matupu uliyoyeyushia. Hiyo ya tatu, ya kutiwa dawa zile zile, wengi wanairuka, nayo ndiyo itakayokuambia kama maji yako yenyewe ni safi.

Katika testi tyubu ya kwanza, tia matone machache ya bariamu kloraidi bila asidi. Ikiwa ni salfeti utaona mashapo meupe papo hapo. Ikiwa ni fosfeti ya sodiamu au ya amonia, utaona mashapo meupe vile vile. Kaboneti nayo itatoa meupe. Hapo wanafunzi wengi huandika "salfeti ipo" na kufunga daftari, na hapo ndipo alama zinapopotea.

Sasa tia asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, tone baada ya tone, huku unatikisa. Mashapo ya kaboneti yatatoa mapovu na kuyeyuka. Ya fosfeti yatayeyuka kimya kimya, myeyusho ubaki angavu. Ya salfeti hayatajali, hata ukitia asidi mpaka testi tyubu ijae.

Sababu ni ile ile ya mwanzo. Asidi inaleta haidrojeni. Fosfeti iliyomo kwenye mashapo inaidaka na kugeuka H₂PO₄⁻ na H₃PO₄, inaiachia bariamu, na mashapo yanavunjika:

Ba₃(PO₄)₂ + 6HCl → 3BaCl₂ + 2H₃PO₄

Salfeti haishawishiki na haidrojeni, kwa hiyo inabaki imeikumbatia bariamu. Na mashapo hayo ni magumu kuyeyuka kweli kweli: lita nzima ya maji inayeyusha miligramu mbili na ushei tu. Hospitalini mgonjwa hunyweshwa uji wa bariamu salfeti kabla ya picha ya eksirei ya tumbo, na ingawa bariamu ni sumu, hii inapita na kutoka kama ilivyoingia, kwa kuwa haiyeyuki.

Katika testi tyubu ya pili geuza mpangilio: asidi kwanza, bariamu baadaye. Hii ndiyo njia inayoandikwa vitabuni kwa kuthibitisha salfeti, kwani asidi inaondoa wasumbufu wote kabla hawajaganda. Mashapo meupe yakitokea mbele ya asidi, ni salfeti.

Makosa ya kuepuka hapa ni mawili. La kwanza ni kutia asidi kutoka chupa iliyoandikwa "asidi" tu. Ikiwa ni ya salfuriki, umejitilia salfeti mwenyewe. La pili ni sampuli yenye risasi au fedha: asidi ya haidrokloriki itagandisha kloraidi zake nyeupe na utazichukulia kuwa salfeti. Ukishuku hivyo, tumia asidi ya naitriki na bariamu naitreti.

Hatua ya 2: Zikiwa zote mbili kwenye chupa moja

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, kwa sababu dawa ile ile moja inatosha. Inafaa kwa chumvi za sodiamu, potasiamu na amoniamu. Zenye alumini, chuma au shaba zitakuchanganya, maana amonia itagandisha haidroksaidi zake.

Tia asidi ya haidrokloriki kwenye myeyusho mpaka litmasi iwe nyekundu wazi. Pasha moto ukaribie kuchemka. Tia bariamu kloraidi kidogo kidogo mpaka tone jipya lisigandishe kitu tena, kisha ongeza matone mengine machache ili bariamu ibaki ya ziada. Acha kwa dakika kumi palipo na joto. Usiharakishe: chembe za bariamu salfeti zikipewa muda zinakua, na karatasi inaweza kuzishika. Chuja. Kilichobaki juu ya karatasi ni salfeti yako yote.

Maji yaliyopita yawe angavu kama maji ya kunywa. Yakiwa na ukungu, yarudishe kwenye karatasi ile ile. Yakishakuwa angavu, yaache yapoe, tia myeyusho wa amonia tone kwa tone huku unaangalia. Kwa muda hakuna kitu. Halafu, pale asidi inapokwisha na harufu ya amonia inaanza kubaki, wingu jeupe linatokea chini ya kila tone na haliondoki. Ni fosfeti: ilikuwa imeshikwa na haidrojeni, amonia imeinyang'anya, na sasa inarudi kwa bariamu iliyokuwa ikingoja.

Hakikisha kwa kutia asidi tena. Wingu litoweke bila mapovu. Mapovu yakitoka, basi amonia yako ni ya zamani, imevuta kaboni dayoksaidi hewani, na ulichokigandisha ni bariamu kaboneti.

Hatua ya 3: Kuithibitisha fosfeti

Kuyeyuka kwenye asidi ni ushahidi, lakini si wa kumfunga mtu. Fosfeti inataka kipimo chake.

Kilicho bora ni amonia molibdeti. Weka mililita 1 ya sampuli, tia matone kadhaa ya asidi ya naitriki kali, kisha amonia molibdeti mara mbili au tatu ya ujazo wa sampuli. Weka testi tyubu kwenye maji ya moto yanayovumilika kwa kidole, nyuzi 50 hivi. Usichemshe. Kwanza maji yanageuka manjano, halafu mashapo yanatuama, ya manjano kama kiini cha yai. Salfeti haitoi kitu hapo. Manjano bila mashapo inaweza kuwa silika tu, kwa hiyo subiri mpaka yatuame.

Silva naitreti ni ya haraka lakini ghali, na inatia vidole weusi usiooshika. Kwenye myeyusho usio asidi wala alkali, fosfeti inatoa mashapo ya manjano, Ag₃PO₄, yanayoyeyuka kwenye asidi ya naitriki na pia kwenye amonia. Salfeti kwenye myeyusho mwepesi kwa kawaida haitoi kitu. Tahadhari ni ya chumvi ya mezani: kloraidi inaganda nyeupe, na kwa maji yetu ya visima vya pwani utaiona kila siku. Ayodaidi inatoa manjano pia, ila yake haiyeyuki kwenye asidi.

Kipimo cha tatu kinachekesha, kwa sababu salfeti inatumika kuikamata fosfeti. Yeyusha haluli, tia amoniamu kloraidi, kisha amonia. Ongeza sampuli na usugue ukuta wa testi tyubu kwa kijiti cha kioo. Fosfeti itatoa fuwele nyeupe taratibu, MgNH₄PO₄. Usiposugua inaweza kukawia hadi kipindi kiishe. Fuwele hizi hizi ndizo zinazoziba mabomba kwenye mitambo ya majitaka, na aina moja ya mawe ya kibofu ni hizo.

Mfupa na chaki: zoezi la darasa

Chukua mfupa, wa ng'ombe au wa samaki mkubwa, uchome kwenye mkaa mpaka uwe mweupe kabisa na usiwe na weusi ndani. Uponde kwenye kinu kisichotumika kwa chakula. Unga huo kwa sehemu kubwa ni fosfeti ya kalsiamu. Kwenye maji hauyeyuki. Kwenye asidi ya naitriki iliyozimuliwa unayeyuka, na vijipovu vichache ni vya kaboneti iliyomo. Chuja, pima kwa molibdeti, na manjano itatoka ya kutosha kuonekana na wa nyuma darasani.

Kando yake weka kipande cha jiwe la matumbawe na kipande cha chaki ya ubao. Ukidondosha asidi, jiwe linachemka kwa mapovu, ni kaboneti. Chaki nyingi za ubao ni za jasi na hazitoi povu hata moja. Zikitoa, yako ni ya kaboneti. Iponde ile ya jasi, itikise kwenye maji, chuja, tia asidi na bariamu, na salfeti itaonekana, kwani jasi inayeyuka kidogo, gramu 2 hivi kwa lita. Vitu vitatu vyeupe vyenye kalsiamu, kila kimoja na tabia yake mbele ya asidi ile ile.

Zikikutana nini hutokea

Mwanafunzi akiuliza "Mwalimu, salfeti na fosfeti zinafanyaje zikichanganywa?", jibu la kwanza ni kuwa zenyewe kwa zenyewe hazifanyi kitu. Zote zina chaji hasi na zote zimeshiba oksijeni. Changanya salfeti ya sodiamu na fosfeti ya sodiamu, utapata maji angavu yenye zote mbili. Kinachotokea hutegemea metali walizokuja nazo, na karibu kila mara fosfeti ndiyo inayoondoka na metali.

Yeyusha mrututu kwenye testi tyubu moja, fosfeti ya sodiamu kwenye nyengine, kisha unganisha. Maji ya buluu yanaganda hapo hapo kuwa mashapo ya buluu hafifu:

3CuSO₄ + 2Na₃PO₄ → Cu₃(PO₄)₂ + 3Na₂SO₄

Chuja. Maji yaliyopita yatie asidi na bariamu: meupe, yaani salfeti haikwenda popote. Mashapo yayeyushe kwenye asidi ya naitriki na uyatie molibdeti: manjano. Kwa vipimo vya hatua zilizotangulia umefuatilia kila ioni mpaka mahali ilipoishia. Ukitumia DAP badala ya fosfeti ya sodiamu inakubali pia, ila ukizidisha amonia buluu itakoza sana na baadhi ya mashapo yatayeyuka.

Shabu na DAP hutoa ute mweupe wa fosfeti ya alumini. Mitambo mingi ya kusafisha majitaka duniani hutumia salfeti ya alumini namna hiyo, kuiondoa fosfeti kabla maji hayajamwagwa ziwani au baharini, maana fosfeti ikizidi majini mwani-ute hustawi na kumaliza oksijeni.

Ipo hali moja ambapo salfeti ndiyo inayoondoka na metali, nayo ni pale inapokuja kama asidi. Unga wa mfupa au jiwe la fosfeti haliyeyuki majini, kwa hiyo mmea haupati kitu. Lipige kwa asidi ya salfuriki:

Ca₃(PO₄)₂ + 2H₂SO₄ → Ca(H₂PO₄)₂ + 2CaSO₄

Fosfeti imepewa haidrojeni, ikaridhika, ikaiacha kalsiamu. Salfeti ikaichukua ikawa jasi. Ile iliyopata haidrojeni inayeyuka majini na mizizi inainywa. Hiyo ndiyo supafosfeti, ambayo John Bennet Lawes aliichukulia hataza Uingereza mwaka 1842, na biashara ya mbolea za kiwandani ikaanzia hapo. Usilifanye zoezi hili skuli. Mawe ya fosfeti mara nyingi yana floridi, na asidi kali ikiigusa hutoa gesi ya sumu.

Kwa mkulima: glasi mbili

Chukua glasi mbili za maji ya kisima cha mawe. Moja tia punje chache za SA, nyengine punje chache za DAP zilizopondwa. Koroga, acha zitulie. SA inayeyuka na maji yanabaki angavu. Ya DAP yanapata ukungu mweupe usioondoka, zaidi ya uchafu wa punje zenyewe. Ukungu huo ni fosfeti iliyoikamata kalsiamu ya maji. Ukiidondoshea siki au ndimu ya kutosha, sehemu kubwa inatoweka. Ukungu huo huo ndio unaoziba mabomba ya umwagiliaji wa matone, kwa hiyo DAP isipitishwe humo kwa maji ya kisima. Na mrututu wa kuulia ukungu wa majani usichanganywe tangi moja na mbolea ya fosfeti, umeshaona kinachoganda.

Udongo nao unafanya kama ile glasi. Kwenye uwanda, yaani ile nchi ya mawe ya mashariki ya Unguja kama Makunduchi na Paje, na upande wa mashariki wa Pemba, kalsiamu ni nyingi na fosfeti haisafiri. Ukiimwaga juu inabaki juu. Iweke shimoni karibu na mbegu, si kugusana nayo, wakati wa kupanda. Unga wa mawe ya Minjingu, yanayochimbwa karibu na Ziwa Manyara, unahitaji asidi ya udongo ili uyeyuke. Kwenye uwanda asidi hiyo hakuna, na kwa maoni yangu ni pesa iliyotupwa; nunua DAP au TSP. Kwenye udongo mwekundu wa vilima, wenye asidi, Minjingu inafanya kazi, ingawa huko chuma na alumini nazo zitadai sehemu yao ya fosfeti.

Salfeti haikamatwi hivyo. Inakwenda na maji, na mvua ya masika inaizamisha chini kuliko mizizi, pamoja na naitrojeni. Ndiyo maana SA ni ya kukuzia na hugawanywa mara mbili badala ya kumwagwa yote siku moja. Kwenye uwanda ifukie: ikikutana na mawe ya chokaa juu ya ardhi, amonia yake inageuka gesi. Ukiinusa shambani, hela yako inapaa.

Jambo la dukani: namba za DAP ni 18-46-0 (naitrojeni, fosforasi, potasiamu), na wengi wanadhani nusu ya mfuko ni fosforasi. Ile 46 inahesabiwa kama P₂O₅. Zidisha kwa 0.436, fosforasi yenyewe ni asilimia 20 hivi. SA ni 21-0-0 na salfa asilimia 24.

Salfeti iliyojificha

Walimu wa pwani wana sampuli ambayo bara hawana. Mwani unaolimwa Zanzibar tangu 1989, ulioanzia Paje na Jambiani, una utomvu uitwao karajini, na utomvu huo una salfeti zilizofungwa kwenye minyororo ya sukari. Osha mwani mkavu mara nyingi kwa maji yasiyo na chumvi, mpaka maji ya kuoshea yasigande tena kwa bariamu. Chemsha upate ute, uzimue sana, uchuje kwa kitambaa. Pima ute huo kwa asidi na bariamu bila moto: hutaona mashapo ya maana. Kisha chukua ute mwengine, uchemshe na asidi ya haidrokloriki kwa muda mrefu mpaka uwe majimaji, poza, chuja, tia bariamu. Meupe yanatuama. Salfeti ilikuwepo tangu mwanzo, ila ilikuwa imefungwa, na bariamu inaishika ile iliyo huru tu. Aina ya spinosum inayo zaidi kuliko kotonii, kwa hiyo darasa kubwa linaweza kuzishindanisha.

Kumwaga taka

Hapa si mahali pa kufanya masihara. Jiwe la matumbawe lina matundu, na kinachomwagwa nyuma ya maabara kinaweza kufika kisimani haraka. Kusanya maji yote yenye bariamu kwenye ndoo moja ya plastiki. Tia asidi kidogo, kisha myeyusho wa haluli au wa SA, koroga, acha mpaka kesho. Bariamu yote iliyo huru itakuwa salfeti isiyoyeyuka. Pima maji ya juu kwa tone la haluli. Yakiganda bado, ongeza. Yasipoganda, yamimine polepole, mashapo yachuje, yakaushe, yafunge kwenye chupa, uandike "Bariamu salfeti, taka". Kwa mrututu tia fosfeti au magadi mpaka buluu yote igande, uchuje hivyo hivyo. Mabaki ya silva yana chupa yake, ya kahawia, mbali na jua. Na zile chupa zilizopoteza lebo, ukishazitambua, andika kwa penseli kwenye karatasi na uifunike kwa gundi ya plastiki. Wino haudumu hewa ya huku.